Masikio ya Mabati

Ukifika sokoni Tukuyu ukauliza Subilaga Mwakibete anakaa wapi, watu watakutazama tu. Uliza Mama Bati. Utapelekwa mpaka mlangoni kwangu, na njiani watoto watakuigizia sauti yangu: "Ingieni ndani. Radi iko karibu. Wewe uliye kisimani, acha hiyo ndoo." Wananiigiza vizuri, wapuuzi wale, hata kile kikohozi changu hawakisahau.

Mimi ndiye ninayesema kwenye mapaa. Sikuwahi kuomba kazi ya kupendwa.

Kwetu ngurumo ya kwanza ikilia, watu huzima simu. Wanazima redio, wanafunika vioo kwa kanga, aliyevaa nguo nyekundu anaivua, kisha wanazima meni swichi na kukaa gizani kama kuku. Bibi zetu walifanya hivyo, na sisi tuliosoma tunafanya hivyo huku tukijifanya hatufanyi. Kwa miaka mingi tahadhari za mvua zilikuwa zikitumwa kwenye simu, tahadhari nzuri zenye ramani na rangi, na zote zilikuta simu zimezimwa. Tulizika watu wenye ujumbe wa kuwaokoa mfukoni.

Ndipo tukaleta ulimi. Ni kidude kama kisosi cha chai, kina betri yake inayokula jua, kinapigiliwa chini ya bati. Kikitetema, bati nalo linatetema, na paa zima linasema. Simu utaizima, paa utalizima vipi? Tangu ndimi zianze kupigiliwa, radi imeua watu wachache mno wilayani mwetu, na wengi wa hao ni wale waliosema Mama Bati anapiga kelele.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumamosi. Jua lilikuwa linachoma, lile jua la Machi ambalo wazee wakiliona wanaanua nguo. Kijijini Ndwati, juu ya kilima, walikuwa wanamzika Mwalimu Ambakisye Mwakalobo. Mtu aliyefundisha nusu ya wilaya kusoma hazikwi na watu kumi. Walikuwa mamia chini ya maturubai, na katikati yao alikuwa mama yangu mzazi, anayeongoza nyimbo za akina mama wa kanisa. Alikuwa ameondoka alfajiri na thermosi yake ya chai, akiniambia nisikae na njaa kazini.

Gwamaka aliingia chumba cha ramani bila kubisha. Gwamaka Mwasomola ndiye fundi mkuu wa kituo chetu, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, na huwa habishi pale tu mambo yanapokuwa mabaya.

"Dada, rada imekufa."

"Imekufa au imelala?"

"Imepigwa. Nimeona moshi kwenye kamera, kisha kamera nayo ikapigwa."

Rada yetu ilikuwa kwenye bega la mlima Rungwe, upande wa pili, ambako kutoka mjini hata ngurumo huisikii. Nikaifungua picha yake ya mwisho ukutani. Nimefanya kazi hii muda mrefu na sikuwahi kuona wingu kama lile. Lilikuwa limesimama nyuma ya mlima, na tumbo lake lilikuwa na rangi ile ya zambarau ambayo ramani huitumia kwa mvua ya mawe tu.

"Linaelekea wapi?" Gwamaka akauliza.

"Ndiyo swali."

Wingu la namna ile lina njia tatu. Linaweza kumalizia hasira zake mlimani, lisimguse mtu. Linaweza kuteremka magharibi kwenye mashamba ya chai, ambako Jumamosi mchana kumebaki walinzi tu. Au linaweza kupita kwenye ule upenyo wa mlima na kumwagikia Ndwati. Tuliomba picha ya setilaiti. Ilituonyesha kofia ya wingu, nyeupe, imefunika nusu ya wilaya. Kilichokuwa chini ya kofia hakikuonekana.

Nilipiga simu ya mama. Imezimwa. Nikapiga ya mchungaji. Imezimwa. Kwenye maziko hakuna mtu anayeacha simu iite, ni kumtusi marehemu.

"Waambie waingie ndani basi," Gwamaka akasema. "Mapaa yanasema, au siyo?"

"Mwezi huu nimewaambia mara mbili waingie ndani, na mara zote mbili mvua imenyesha kwingine. Leo nikawaambie wasimamishe maziko ya Mwalimu kwa sababu labda, pengine, huenda? Watasema Mama Bati ameanza tena. Tena kutoka kwenye maturubai hadi kwenye jengo la maana ni kushuka kilima kizima. Nikiwatoa kwa saa isiyo yake, radi itawakuta njiani, uwanjani, wamesimama kama mashina ya mahindi. Lazima nijue linakuja, na linakuja lini."

Gwamaka akatazama upande wa kona ya meza yangu, kwenye kile kifuniko chekundu cha plastiki kilichofungwa kwa kufuli.

Nilijua atatazama huko. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kutazama.

*

Kinachotetema kikasema, kinaweza pia kutetemeshwa kikasikia. Ulimi ni sikio. Hilo siyo siri ya kituo, ni jambo ambalo mtoto yeyote aliyecheza na kopo na uzi analijua. Bati likipigwa na ngurumo linatikisika kidogo, ulimi unapata ule mtikisiko, na tunaweza kuusoma hapa. Ngurumo moja ikisikiwa na mabati elfu, kila bati linaisikia kwa wakati wake, la karibu mapema, la mbali baadaye. Mashine ikipanga hizo nyakati inajua radi ilipopiga, na ikisikiliza radi kumi inajua wingu linakwenda wapi na kwa kasi gani. Mvua ya mawe nayo ina sauti yake juu ya bati, huwezi kuichanganya na manyunyu. Hakuna rada inayoshinda hiyo.

Lakini bati linalosikia ngurumo linasikia na yaliyo chini yake. Linasikia mume na mke. Linasikia anayeomba Mungu akilia, na anayesema vibaya juu ya jirani.

Siku tulipoleta ndimi, tulifanya baraza kwenye ukumbi wa mji. Kila mtu alishangilia mpaka Mwalimu Ambakisye aliposimama, na fimbo yake na koti lake la kahawia, akaniuliza mbele ya watu wote: "Binti yangu, hicho chenye ulimi, kina sikio?"

Ningeweza kusema hakina. Waliokuwa wamenituma walitaka niseme hakina. Nikasema, "Kinalo, Mwalimu. Tumelifunga."

Ukumbi ulichafuka. Alinyanyua fimbo, watu wakanyamaza, kwa sababu wengi wao walikuwa wamechapwa na fimbo ya aina ile. Akaniambia: "Basi apa hapa, sikio hilo halitafunguliwa mpaka mwenye nyumba afungue mwenyewe. Mtu aulizwe, asikie, na ajibu." Nikaapa. Ndipo wakakubali kupigilia, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza. Na ndipo kile kifuniko chekundu kikawekwa, na ufunguo wake nikauvaa shingoni.

"Fungua, dada," Gwamaka akasema. "Dakika chache tu. Tukishajua wingu lilipo, tunafunga. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe utajua, na watu watakuwa hai. Mizani hiyo ni ngumu?"

"Ni ngumu."

"Mama yako yuko pale."

"Najua mama yangu yuko wapi, Gwamaka, usinifundishe." Nilimpandishia sauti, na sikuomba radhi.

Nitasema kilichokuwa moyoni. Nilikuwa na hofu. Nilitaka kukifungua. Kila nilipofumba macho nilimwona mama ameshika nguzo ya chuma ya turubai, kwa sababu ana goti bovu na hupenda kuegemea. Ahadi ni deni, sawa, lakini maiti hadaiwi wala halipi. Gwamaka hakuwa mtu mbaya, na hoja yake haikuwa mbaya.

Ila nilijua na jambo la pili. Siku watu watakapojua kwamba paa limewasikia bila ruhusa, na wangejua, mambo haya hayafichiki mji mdogo kama huu, usiku huohuo kila mwenye ngazi angepanda na nyundo. Ndimi zote zingetupwa mtoni. Mvua nyingine ingewakuta kimya, na nyingine baada ya hiyo. Ningekuwa nimewaokoa wa leo kwa kuwauza wa kesho. Na hata kama lisingekuwepo hilo, kuna mtu alisimama mbele yangu akaniamini.

"Tutawauliza," nikasema.

"Utawauliza vipi? Ukisikia jibu umeshafungua sikio."

Hapo alikuwa amenishika. Nilisimama nikiitazama ramani kama mjinga. Nyumba zote za wilaya zilikuwa pale ukutani, kila moja nukta ndogo ya njano, maana mita za umeme hutuambia nyumba ipi inawaka na ipi imezimwa, na hilo walilikubali tangu mwanzo. Mvua kubwa ikija, huwa tunaona nukta zikizimika kijiji kwa kijiji, watu wakizima meni swichi zao kama walivyofundishwa na bibi zao.

Nikaanza kucheka. Gwamaka alidhani nimechanganyikiwa.

*

Niliwasha kipaza sauti, nikakohoa kile kikohozi changu.

"Mugonile, habari zenu watu wote. Ni Mama Bati. Msikimbie bado, nisikilizeni kwanza. Kuna wingu baya nyuma ya mlima. Rada yetu imepigwa na radi, kwa hiyo mimi hapa ni kipofu. Sijui wingu linakuja kwetu au linapita. Kitu pekee kinachoweza kunionyesha ni mabati yenu. Mnakumbuka niliapa mbele ya Mwalimu Ambakisye, ambaye tunamzika leo, kwamba sitafungua masikio ya mabati mpaka ninyi wenyewe mfungue. Sasa nawauliza. Anayekubali bati lake lisikie mbingu, azime meni swichi yake. Asiyekubali aiache inawaka, simdai sababu na wala sitamkasirikia. Nikiona nyumba yako imezimika, nitafungua sikio la nyumba hiyo tu. Nitakapofungua nitawasikia na ninyi, sitawadanganya. Kwa hiyo ukishazima, nyamaza. Ngurumo ikishapita nitafunga, na nitawaambia nimefunga."

Nikaachia kitufe. Ramani ilikuwa njano tupu.

"Hakuna," Gwamaka akanong'ona.

"Tulia. Watu wanatafuta viatu."

Nukta ya kwanza kuzimika ilikuwa mtaa wa Katumba, nyumba sijui ya nani. Kisha mbili kule juu karibu na msitu. Kisha kumi kwa pamoja. Kisha sikuweza kuhesabu tena. Giza lilitambaa kwenye ramani kutoka milimani hadi barabarani, likaingia mjini, likala soko, likala stendi, likala ile nyumba ya ghorofa ya mfanyabiashara ambaye kila kikao hunitukana. Na yeye alizima. Nilisimama na ufunguo mkononi na machozi yananitoka, sikuyafuta.

Nilifungua kufuli, nikaamuru mashine ifungue nyumba zilizozimika tu, na wilaya nzima ikaingia chumbani kwetu.

Ilikuwa kimya. Hujawahi kusikia watu wengi kiasi kile wakinyamaza kwa pamoja. Mtoto mmoja alilia akapewa ziwa. Jogoo mmoja hakuambiwa. Mzee fulani akasema taratibu, karibu na bati lake, "Mama Bati, kwa kuwa unasikia, bati hili linavuja upande wa jikoni," na mkewe akamkemea, "Nyamaza wewe, mwenzio anafanya kazi." Gwamaka alicheka mpaka akaziba mdomo.

Kisha ikaja. Ilikuwa mbali, nzito, na mabati ya milimani yaliipata kwanza. Mashine ikachora msalaba mwekundu nyuma ya mlima. Ngurumo ya pili, msalaba wa pili, karibu zaidi. Ya tatu. Ya nne. Misalaba ikajipanga mstari, na mstari ukawa unaelekea kwenye upenyo.

"Halipiti," nikasema. "Linakuja Ndwati."

"Litafika lini?"

Hapo ndipo tulipoona shimo. Katika ramani yote ile iliyozimika, kulikuwa na duara moja limebaki njano: kijiji cha Ndwati. Hawakuwa wamekataa. Watu wote walikuwa msibani chini ya maturubai, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kuzima swichi, na kwenye nyumba ya msiba nani angegusa swichi ya mfiwa bila yeye kusema? Mstari wa misalaba ulifika ukingo wa lile duara ukapotea. Ndani ya upenyo wingu huweza kukimbia au kukwama, na hatukuwa na bati hata moja pale la kutuambia.

"Nyumba tupu, dada," Gwamaka akasema kwa upole. "Hamna mtu ndani. Sikio la nyumba tupu linamdhulumu nani?"

Mkono wangu ulikuwa tayari mezani. Nawaambieni ukweli, kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nyumba tupu. Nilikuwa nayo sababu, tena nzuri. Halafu nikafikiri: kila sababu itakayokuja baada ya hii nayo itakuwa nzuri. Nikautoa mkono.

Nilichagua paa moja tu, la nyumba ya msiba, nikasema polepole.

"Mama Mwalimu, pole sana. Ni Subilaga. Naomba mnisamehe kwa kukatiza maziko. Wingu linakuja upande wenu na siwezi kuliona likifika. Nahitaji bati lako, mama. Hili ndilo lililopigiliwa la kwanza. Mumeo aliniambia niulize, na mimi nauliza. Kama hutaki, nitaelewa."

Tukangoja. Nyuma yangu wilaya yote ilikuwa kimya, na nadhani wote walihisi tunangoja jambo, kwa maana nimeambiwa kwamba katika nyumba nyingi watu walikuwa wameshikana mikono.

Katikati ya lile duara la njano, nukta moja ikazimika.

*

Kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa sauti ya mama yangu, akimwambia mtu, "Huyo ni mwanangu, mnasikia?"

Kitu cha pili kilikuwa tone juu ya bati. Halikuwa tone la maji. Lilikuwa kavu, kama punje ya mahindi. Kisha jingine. Mashine haikuwa na haja ya kuniambia.

"Mawe yameanza kufika," nikasema kwenye paa la msiba. "Radi iko nyuma yake kidogo tu. Tokeni kwenye maturubai sasa hivi, hizo nguzo ni za chuma. Msiende chini ya miti. Shukeni shuleni, madarasa ni ya matofali na yana kinga radi. Nendeni sasa, msisubiri mvua iwe kubwa."

Nilisikia viti vikisogea. Kisha sauti nzito ya kiume, ambayo nilijua ni ya Asajile, mdogo wa marehemu na msemaji wa ukoo.

"Hakuna anayeondoka. Hatujawahi kumwacha marehemu peke yake kabla ya udongo. Radi ije itukute."

Wakanung'unika wengi wakimuunga mkono. Wanyakyusa tuna kasoro nyingi, lakini msiba hatuukimbii, na ningekuwa pale labda hata mimi ningekaa. Nimejifunza namna ya kumtoa mtu kisimani, namna ya kumtoa mchungaji wa ng'ombe kilimani, sijajifunza namna ya kumtoa mtu kwenye jeneza la kaka yake.

Ikasikika sauti ya mwanamke, dhaifu ya kulia siku nyingi, lakini iliyonyooka. Mama Mwalimu.

"Nani amesema aachwe? Si mlikuwa mumbebe kwenda kaburini? Mwinueni, mumpeleke shuleni. Ametembea njia hiyo kila asubuhi ya maisha yake, anaijua kuliko ninyi."

"Asajile, shika mbele," akasema mama yangu. "Wengine tufuate. Jeneza likitangulia, nani atabaki?"

Na akaanza wimbo. Goti bovu na yote, alianza wimbo wa kutembea, ule wa haraka. Nilisikia mamia wakiitikia, nikasikia sauti zikisogea, zikipungua, zikipotea mbali na bati, mpaka yakabaki mawe peke yake yakipiga paa lisilo na mtu. Yalikuwa yameongezeka. Msalaba mwekundu ukajichora ndani ya upenyo, mwingine ukajichora juu ya makaburi ya Ndwati.

Hapo nilikuwa sina cha kufanya. Nimesema maneno yangu yote. Shule ilikuwa nukta ya njano chini ya kilima, na sikio lake lilikuwa limefungwa, na mama yangu alikuwa mahali fulani kwenye ile njia. Gwamaka alisimama karibu nami. Hakuniambia nifungue, na namshukuru kwa hilo hadi leo.

Msalaba ukajichora juu ya nyumba ya msiba yenyewe. Sauti iliyoingia kupitia bati ilikuwa kubwa mpaka mashine ikakata. Tukaangaliana.

Kisha nukta ya shule ikazimika.

Sikuwa nimewaomba. Mtu fulani, akiwa ameloa, ameingia darasani, akakumbuka, akatafuta meni swichi ukutani na kuizima ili nijue. Nilifungua sikio la shule, na wimbo ukaingia chumbani kwetu ukiyashinda mawe. Madarasa yote yalikuwa yanaimba. Sauti ya mama ilikuwa juu ya zote, na kati ya ubeti na ubeti nilimsikia akiuliza nani amekalia kanga yake.

Nilikaa chini sakafuni. Gwamaka akanipa maji, nikayamwaga nusu.

Waliniambia baadaye kwamba jeneza waliliingiza darasa la nne, chumba chake mwenyewe, wakaliweka mbele, chini ya ubao. Waliolibeba walikuwa watu wazima wenye wajukuu, na walipoona alipowekwa, walikwenda wakakaa kwenye madawati bila kuambiwa.

Turubai lililokuwa katikati lilipatikana limeungua, na nguzo zake mbili zimepinda. Viti vya mbele, vile vya familia, vilikuwa vimeyeyuka plastiki. Watu wote walihesabiwa pale shuleni, na hakuna aliyekosekana.

Nilingoja ngurumo ya mwisho ipite, nikangoja na nusu saa juu yake, kwa sababu radi ina tabia ya kusahau kitu na kukirudia. Kisha nikasema kwenye mapaa yote: "Mbingu imetulia. Nafunga masikio. Ndaga, asanteni watu wote. Ndaga fijo." Nikageuza ufunguo mbele ya Gwamaka, nikauvaa shingoni.

Nukta zilianza kuwaka. Nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, mpaka ukuta karibu wote ukawa njano, na kutoka nje nikasikia kitu ambacho mashine haikuwa na haja ya kukileta. Mji mzima ulikuwa unapiga mabati. Kwa vijiko, kwa mawe, kwa mikono. Walikuwa wananijibu kwa njia ambayo ningeweza kuisikia na masikio yangu mwenyewe.

*

Nukta moja haikuwaka.

Baada ya matanga nilikwenda Ndwati, nimebeba ndizi na maziwa. Mama Mwalimu alikuwa jikoni, anachambua maharage, nyumba imejaa giza mchana kweupe.

"Mama, umesahau kuwasha swichi."

"Sijasahau." Hakunyanyua macho. "Nikiiwasha, utafunga sikio."

"Nimeshalifunga, mama. Nilifunga siku ileile, ya wote."

"Ah." Akaendelea kuchambua. "Nilidhani kuna mtu ananisikia. Nimekuwa nikisema usiku mwema kila siku."

Nilikaa kwenye kigoda. Nilitaka kulia, nikaona maharage ni mengi, nikavuta ungo nikasaidia.

"Siku ile ulizima upesi," nikasema. "Nilidhani utakataa. Yeye aliogopa sana hivi vitu."

"Hakuviogopa. Alitaka watu waulizwe." Alitupa punje mbovu mlangoni, kuku wakaigombania. "Wewe uliuliza, mbele ya jeneza lake, watu wote wakisikia. Ningekaa kimya, angeamka anichape."

Tukacheka wote wawili, kicheko cha msiba, kile kinachoanza vibaya na kuisha vizuri.

"Nikubalie basi," akasema. "Lifungue hili moja. Mwenye nyumba nimeruhusu, kiapo hakivunjiki. Nikianguka, mtu asikie."

Alikuwa na haki. Kiapo kilimruhusu. Niliugusa ufunguo shingoni nikafikiria lile bati likisikiliza nyumba hii usiku na mchana, na mashine kule mjini ikipokea usiku mwema wake isijue la kuufanyia.

"Hapana, mama," nikasema. "Washa swichi. Bati ni la kusikia radi. Wewe nitakuja kukusikiliza mwenyewe, kila Jumamosi, na masikio yangu mawili."

"Na huo mdomo wako?"

"Huo unakuja bure."

Akajifuta mikono kwenye kanga, akainuka kwa shida, akaenda ukutani. Niliisikia meni swichi ikipanda, na taa ya jikoni ikawaka juu ya ungo wetu. Aliporudi alikuwa anatabasamu, akasema kwa kuwa nitakuja kila Jumamosi, nianze na yale maharage yaliyobaki kwenye gunia.

Kituoni, Gwamaka alikuwa peke yake mbele ya ramani. Anasema ile nukta ya mwisho ilipowaka alisimama, akavua kofia, na hakujua anamvulia nani.